Gramu Mia Tisa za Nzilani

Nzilani Mbithi alifika ukumbini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, koo limemkauka lakini roho imetulia. Tangu juzi hakuwa ametia tone la maji kinywani. Ilikuwa siku ya kupima uzito katika mashindano ya kimataifa ya ndondi za ridhaa za wanawake, na jina lake lilikuwa limebandikwa ukutani: kilo hamsini na moja, Kenya. Alilisoma mara tatu.

Niwaambie huyu ni nani, maana magazeti hayajawahi kujisumbua. Ni binti wa mchonga vinyago, kazaliwa na kukulia mtaa wa Jericho, Nairobi. Alianza ndondi akiwa na miaka ishirini na minane, wakati shangazi zake wote walikuwa wakimuuliza ataolewa lini. Tangu hapo, kila jioni ametoka kazini Industrial Area, kwenye godauni anakopima magunia ya maharagwe, akaenda mazoezini kwa miguu. Pua imevunjwa mara mbili. Timu ya taifa imemwita mara moja tu, nayo ndiyo hii. Sasa ana miaka arobaini, na sheria ya ndondi za ridhaa haimruhusu aliyevuka arobaini kupanda ulingoni. Kwa hiyo hakuna cha mwakani hapa. Ni leo au basi.

Alipanda mizani. Ofisa, mama mmoja mwenye miwani, akasoma.

"Hamsini na moja, gramu mia tisa."

"Haiwezekani," Nzilani alisema. "Jana jioni nilikuwa hamsini na moja kamili."

Kocha Shiundu alimvuta kando. "Ulipimia wapi?"

"Kazini."

Mizani ya klabu ilikuwa imeharibika mwezi mzima, na Nzilani mwenyewe ndiye aliyesema watu wasihangaike, kazini kwao kuna mizani kubwa kuliko hiyo. Ipo kweli. Ila tajiri wake aliichezea kitambo, ikawa inameza karibu kilo moja ya kila mkulima anayeleta maharagwe. Nzilani alilijua hilo vizuri sana, kwa sababu namba anasoma yeye. Akina mama kutoka Mwingi walikuwa wakimwambia kwa Kikamba kwamba nyumbani gunia lilikuwa zito zaidi, naye akiwajibu bila kuinua macho kwamba maharagwe yamekauka njiani. Halafu, wakishaondoka, alipanda juu ya mizani hiyo hiyo akashuka akitabasamu. Haikumpitikia akilini hata siku moja kwamba inamwibia na yeye.

Alitaka kumweleza kocha. Aibu ikamziba mdomo.

"Mizani inafungwa saa mbili," Shiundu alisema. "Kama hujafika, jina linatoka. Tuanze."

Aliyemsaidia ni Filsan, msichana wa miaka ishirini na miwili anayeuza nguo na mama yake mtaani Donholm. Filsan ndiye mchezaji wa akiba wa uzito huo huo. Angeweza kukaa kando akangoja, na nani angemlaumu? Badala yake alitoboa mifuko miwili ya plastiki, akamvisha Nzilani, akamrundikia majaketi matatu juu yake, akamkabidhi kamba.

Nzilani aliruka. Aliruka mpaka ukuta ukaanza kuyumba. Alitafuna ndimu, akatema mate kwenye kopo, akaruka tena. Baada ya dakika arobaini mizani ilisema gramu mia nne zimezidi. Akarudi kwenye kamba, akaanguka, akainuka, akaanguka. Filsan alimpangusa uso kwa taulo, na taulo likabaki kavu. Jasho lilikuwa limekwisha mwilini.

"Sis Nzila," Filsan alisema polepole, "bado kuna nywele."

Nzilani alizishika. Zilikuwa zimesukwa Jumapili, ndefu mpaka mgongoni, ili apendeze kwenye picha.

"Wacha zitoke, sis. Zitamea."

Mkasi wa bendeji ulikuwa butu, ukawa unang'ata zaidi ya kukata. Saa mbili kasoro dakika kumi, Nzilani alivua kila kitu nyuma ya leso aliyoinyosha Filsan kama pazia, akapanda, akatoa pumzi yote kifuani, akafumba macho.

"Imezidi gramu mia moja," yule mama alisema. Sauti yake ilikuwa ya huruma, na Nzilani alimchukia kwa huruma hiyo.

"Mama, tafadhali. Mia moja ni kitu gani? Ni kikombe cha chai hata hakijajaa."

"Najua, dada. Lakini siwezi kuandika kisichokuwepo."

Nzilani alishuka, akajifunga taulo. Alirudi kwenye kamba, miguu ikakataa kabisa. Shiundu alitazama saa, akatazama ukuta, kisha akasema bila kumwangalia yeyote, "Filsan, vua viatu."

"Mimi? Zii, siwezi, Kocha. Hiyo ni ya sis Nzila."

"Zimebaki dakika nne. Usipopanda wewe, hatuna mtu."

Filsan alianza kulia. Nzilani alimnyang'anya leso, akainyosha yeye sasa. "Panda," alisema.

Filsan alipanda. Asubuhi hiyo alikuwa amekunywa chai ya maziwa na mahamri matatu, maana hakutarajia kupimwa. Nisiwafiche: nyuma ya ile leso, Nzilani alikuwa akiomba. Aliomba kwa moyo wake wote mahamri yale yawe mazito.

"Hamsini, gramu mia nane," ofisa alisoma, akaliandika jina la Filsan.

Nzilani aliishikilia leso mpaka msichana alipomaliza kuvaa. Filsan alimkumbatia, akamshukuru, akamwambia hakuna mwenye roho kama yake, na Nzilani akakosa mahali pa kuuweka uso.

"Nenda ukale," alimwambia. "Unapigana saa nane."

Kisha akachukua chupa ya maji, akainywa yote kwa mkupuo mmoja. Yalikuwa matamu kuliko kitu chochote alichowahi kuonja, na alipoyamaliza alitamani mengine.