Kamanda Aikosoa Tamthilia ya Jikoni

Kazini walimwita Kamanda, na hakuna aliyekumbuka nani alilianzisha jina hilo. Alikuwa mpishi mkuu wa hoteli kwa mwaka wa ishirini na sita sasa, mwanamke mfupi, mikono imejaa makovu ya mafuta ya moto mpaka viwikoni. Jumapili ndiyo siku yake ya kupumzika, na kila Jumapili alasiri ilirushwa tamthilia iliyokuwa gumzo la mji mzima: jiko la mgahawa na mpishi wake kijana, mtanashati, anayefoka na kurusha sahani ukutani.

"Ona anavyokata kitunguu," Kamanda alisema siku moja, miguu juu ya stuli. "Kidole mbele ya kisu, kama kinaomba kukatwa! Na hiyo sahani aliyovunja, nani anafagia? Jiko la makelele hivyo, wateja wangeshakula viti kwa njaa."

Mkwewe, mke wa mwanawe wa kwanza, alicheka mpaka akalala chini. Kumbe simu yake ilikuwa inarekodi sauti.

"Mama, niitume?"

"Tuma. Kwani nimesema uongo?"

Kufikia Jumatano sauti ile ilikuwa imeingia kila simu. Watazamaji wakagawanyika. Wapishi waliandika kwamba hatimaye mwenye jiko amesema. Wengine wakadai bibi ana wivu, amwache kijana ang'are. Mmoja akaandika, "Mimi siangalii kitunguu, naangalia mabega."

"Mabega hata mimi nimeyaona," Kamanda akasema. "Sijafa."

Mkwewe aliendelea kumsomea, halafu ghafla akataka kuiweka simu pembeni.

"Soma."

"Huyu hana maana, mama."

"Soma, mwanangu."

Mkwewe akasoma polepole: "Nyani haoni kundule. Nilifanya kazi chini ya huyu mama miezi saba. Siku mchuzi ulipoungua alinifokea mbele ya wenzangu wote, akaumwaga kwenye beseni la viazi nilivyomenya asubuhi nzima, akaniambia nirudi kwetu nikajifunze kuchemsha maji. Nilivua aproni nikaondoka."

Kamanda alimkumbuka mara moja: binti mrefu, mwenye kuimba akiosha mboga. Mwaka ule walibaki wapishi wawili badala ya watano, kazi iliwaelemea. Lakini hiyo haikuwa sababu, na mwenyewe alijua.

"Tumwombe aifute?" mkwewe aliuliza.

"Akifuta, ndiyo atasahau? Niombee namba yake."

Namba ilipatikana kesho yake. Kamanda alipiga akiwa amesimama. Upande wa pili zilisikika sahani zikigongana.

"Ni mimi. Wa viazi."

Yule mwanamke akajibu: "Niko kazini."

"Nasikia. Nitasema kwa ufupi. Ulichoandika ni kweli tupu. Nilizidiwa, nikakutolea wewe hasira zangu. Nisamehe, mdogo wangu."

"Miaka kumi na moja, Kamanda."

"Nimechelewa. Najua."

Yule mwanamke alishusha pumzi. "Sasa nami nina jiko langu, watu wanane. Mwezi uliopita nilimfokea mmoja, nikasikia sauti yako kinywani mwangu. Nikatoka nje, nikanywa maji, nikarudi kumwomba radhi."

"Siku hiyo hiyo?"

"Siku hiyo hiyo."

"Basi umenizidi," Kamanda alisema, na machozi yakamlenga.

Jumapili iliyofuata alimwambia mkwewe arekodi tena. "Nilimcheka kijana wa watu kwa kufoka. Nami nimefoka, tena vibaya kuliko yeye, kwa sababu wangu hawakuwa waigizaji. Aliyenisema amesema kweli. Ila kisu bado anakishika vibaya, hilo silifuti."

Baada ya siku chache watengenezaji wa tamthilia walimpigia, wakamwomba aje kuwafundisha waigizaji kazi za jikoni. Kamanda hakujifanya kusita.

"Nitakuja. Lakini tutakuja wawili. Huyo mwingine niliwahi kumfokea; ndiye atakayewaeleza mpishi anayefokewa anavyosimama, anavyotazama, mikono anaiweka wapi. Mimi sijui. Sikuwahi kumtazama."

Yule mwanamke mwenye jiko lake alichukua siku mbili kufikiri, akakubali. Wakaenda kwa teksi moja, wakibishana njia nzima kama samaki huanza kupikwa kwa moto mkali au moto wa taratibu, dereva akiwatazama kwenye kioo asithubutu kuamua.