Bango Nililobandika Langoni

Nilibandika bango la matanga ya mtu ambaye hakuna aliyeuona mwili wake.

Jirani yangu wa mlango wa pili, hapa Kawangware sehemu ya Kongo, ni mama kutoka Kitui anayeuza maharagwe ya kuchemsha. Mwanawe wa pekee alikuwa mwanajeshi katika ndege ya doria ya baharini. Jumatatu moja maofisa wawili walikuja kumwambia mama kwamba rubani aliripoti injini imeharibika, kisha redio ikanyamaza. Ndege imepotea baharini, walisema, msako unaendelea. Mimi nilisimama kando nikiandika kila neno, kwa mazoea ya kazi yangu ya gazeti.

Kesho yake mama alikwenda mtaa wa Ayany kufagia chumba alichopanga mwanawe. Wapangaji tukakutana uani bila yeye. Katika ploti yetu msiba haukosi kamati kabla ya jioni, na katibu huwa mimi. Fundi viatu, ambaye ndiye mwenyekiti, akanitania, "Mtu wa gazeti, au leo wino umekauka?"

Kwenye simu nilikuwa na bango la msiba uliopita. Nikabadilisha jina na picha. Neno "marehemu" lilikuwepo tayari. Nililiona. Daftari lenye neno "imepotea" lilikuwa mfukoni mwangu. Lakini watu walikuwa wananisubiri, nami hupenda kusifiwa kwa wepesi wa kazi. Nikaliacha. Nikachapisha, nikabandika langoni.

Mama alirudi saa kumi. Alisoma polepole, kidole kikifuata herufi, kisha akaja kwangu. Sauti yake ilikuwa chini.

"Wamekupigia wewe kwanza? Amepatikana wapi?"

Alidhani najua, kwa sababu ya kazi yangu. Nikamwambia hakuna aliyenipigia.

"Basi nani amekuambia amekufa, mwanangu?"

Alilibandua bango mwenyewe, taratibu ili picha isichanike, akaingia nalo ndani. Akina mama wa kanisa waliokuwa wamefika na chupa za chai wakarudi nazo.

Sasa ni miezi minane. Wapo ambao bado humpa pole nikiwa hapo hapo, naye huwajibu kwamba mwanawe yuko kazini. Mimi hutazama chini. Kila Jumamosi mama huenda Ayany kufagia. Mabaki ya ndege hayajaonekana, na maofisa hawajarudi kusema kama msako umekoma.