Kuonja Maji ya Hori

Harufu ya kamba za makumbi siiwezi. Jirani zangu hapa Malindi wananiona nina maringo, kwa kuwa nikipita duka la kamba naziba pua kwa mtandio. Nawaacha waseme. Harufu ile kwangu ni ya hori letu, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu karibu na Mkokotoni, ambako Mama na dada yake, Mamkubwa Mize, walifukia makumbi ya nazi matopeni mpaka yaoze, wakayafukua, wakayapiga, wakasokota kamba.

Ilikuwa kazi ya kusimama majini mpaka mapajani, na majini humo kulikuwa na konyeza. Labda mmewaona: laini kama uji uliopoa, hawana macho wala mfupa, na nyuzi zao zinaunguza kuliko upupu. Wakati wa kaskazi, jua likikausha kijito na hori likikolea chumvi, walijaa. Masika yakishika, kijito kikishusha maji ya mvua, walipotea. Baina ya hapo hakuna aliyekuwa na uhakika, kwa hivyo maji yalionjwa kwanza.

Kuonja ilikuwa kazi yangu, na kwa miaka yangu tisa nilijiona mtu mkubwa. Mamkubwa alinifundisha: unaziba mdomo wa kibuyu kwa kidole gumba, unakizamisha mpaka matopeni, ndipo unaachia. "Usinichotee ya juu," alikuwa akisema kila siku. Sababu hakunambia, nami niliona ni usumbufu tu wa watu wazima.

Asubuhi moja, mvua za mwanzo zimeshanyesha siku tatu, tulishuka horini mimi, Mamkubwa na mdogo wangu Tatu, wa miaka mitano. Mama alibaki nyumbani. Nilikuwa nimeng'ang'ania kuvaa gauni langu jipya, na sikutaka kulirowesha. Nikachota juu juu. Nikaonja: hayana chumvi hata chembe.

"Nshaonja, Mamkubwa. Matamu."

"Umechota chini?"

"Naam."

Akaingia, na Tatu akamfuata kama kawaida yake. Tatu alipiga ukelele mmoja. Mamkubwa alimtoa mbio, nyuzi zimemganda miguuni na tumboni, na mikono yake mwenyewe ikaungua akizibandua. Tulipofika nyumbani pumzi zilikuwa zikimpaa Tatu. Adhuhuri haikumkuta hai.

Mama aliuliza jambo moja tu. "Nani kaonja maji?"

Nilikuwa nimesimama mlangoni, gauni langu kavu. Mamkubwa akanitazama, akalitazama gauni. Kisha akasema, "Mimi. Nliona tabu kuinama, nikachota ya juu."

Mama hakusema naye siku hiyo, wala mwaka huo. Mamkubwa alihamia Uroa kwa mwanawe, na jina lake likawa halitajwi kwetu. Na mimi, nakwambieni kweli, nilifurahi. Niliona nimeponea chupuchupu.

Miaka mingi baadaye binti yangu, ambaye ni mwalimu, alinionesha jambo jikoni. Alitia maji ya chumvi kwenye bilauri, akamimina taratibu juu yake maji ya mvua aliyoyatia rangi ya chai. Hayakuchanganyika, matamu yalikaa juu, ya chumvi chini. Akanambia pia kwamba konyeza hawatoki bahari kuu kama tulivyodhani. Huanza wakiwa vidudu vidogo kama chembe ya mchele, vimeganda kwenye maganda ya chaza na mizizi ya mikoko, vikingoja msimu na chumvi ya kuvifaa. Walikuwa papo hapo siku zote. Alishangaa kuniona nalia kwa ajili ya bilauri ya maji.

Elimu ile haikunipunguzia kitu. La Mamkubwa ndilo lililonichukua muda zaidi kulielewa. Nilidhani alinionea huruma nisipigwe. Kumbe fimbo haikuwa hoja. Aliona kwamba Mama angeweza kuishi bila ya dada, lakini mimi ningekaa wapi, mtoto wa miaka tisa, na mama asiyeweza kunitazama?

Mamkubwa alifia Uroa, na Mama hakwenda msibani. Mama alipougua ugonjwa wake wa mwisho, nilimuuguza mimi. Siku moja aliniuliza, "Wadhani nlimdhulumu dada yangu?"

Nilikuwa namnywesha uji. Nikamwambia asiseme sana, anywe kwanza.