Mazoezi Mbele ya Mkazamwana

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, niliingia idara ya fiziotherapia katika hospitali moja mjini Kitale nikiwa na koti jeupe lililopigwa pasi likanyooka kama ubao. Msimamizi wa idara, mama mkavu wa maneno, aliniambia nikunje mikono ya hilo koti, kwa sababu kazi yetu ni ya kushika watu. Niliona ananionea. Baadaye nilimshukuru.

Wakati huo watu walidhani sisi ni wa kukanda migongo tu. Mgonjwa wa kisukari aliambiwa apumzike na aache chai ya sukari, basi. Msimamizi alitufundisha vingine: msuli ukifanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu na kuitumia, kwa hiyo mazoezi ni sehemu ya tiba pamoja na vidonge. Tulipima sukari kabla na baada, tukahakikisha mgonjwa ana peremende mfukoni ya kula sukari ikishuka ghafla, na tukagusa nyayo kwa uzi wa nailoni kujua kama bado zina hisia.

Nilipohamishiwa Bungoma nilijiona mjuzi. Akaletwa mzee mmoja wa Sirisia, mkulima aliyekwisha kuwaachia wanawe jembe. Sukari ilikuwa juu, na vidole vyake vya miguu havikuusikia uzi wangu hata kidogo. Daktari alimwambia wazi kwamba akiendelea hivyo anaweza kukatwa miguu. Nikampa mazoezi: alale mkekani uani asubuhi na jioni, ainue mguu mmoja mmoja. Aliporudi baada ya mwezi, sukari ilikuwa palepale. Nikamgombeza kwa uvivu wake, mtu wa umri wa baba yangu.

Afisa mkuu wa idara, mwenyeji wa huko, alinivuta kando akaniuliza kama najua mzee anaishi na nani. Sikujua. Kuuliza si ujinga. Ujinga wangu ulikuwa kutouliza. Nikamrudia mzee, safari hii kwa upole.

"Daktari, bibi ya kijana yangu ako hapo jikoni siku yote," akasema akiangalia chini. "Nitalala aje chini niinue miguu na yeye ananiona? Si hiyo ni aibu kwa boma yote."

Mimi mzaliwa wa Saboti, wa watu waliohamia kutoka Kenya ya kati, sikujua jinsi baba mkwe na mkazamwana wanavyostahiana kule. Nilimwomba radhi. Tukaanza upya: chumbani mwake, mlango umefungwa, kusimama na kuketi kitini, kunyanyua visigino akishika kitanda. Kisha kutembea hadi sokoni kila siku akiwa na viatu vya kufunika, maana anayekwenda sokoni haulizwi anazurura wapi. Sukari ikashuka, mwezi baada ya mwezi.

Sasa nimestaafu mapema, na magoti yangu mwenyewe yananidai mazoezi. Ninyi vijana mnaoanza kazi hii mna mashine ambazo sisi hatukuziota, nami nafurahi. Si kila mguu hurudishiwa hisia. Wengi tuliwalinda tu wasiumie. Lakini mkiniuliza siku niliyojivunia kazi hii kuliko zote, ni ile mzee wa Sirisia alipoingia bila miadi, akapita foleni nzima, akaketi na kuvua kiatu.

"Daktari, kokoto iliingia kwa kiatu," akasema. "Imeniuma."

Alikuwa akicheka. Mimi nililia.