Begi la Wiki Moja

Sweta tatu. Ndizo nilizoanza kupanga, na ndizo zilizoleta ugomvi wa kwanza.

Binti yangu mkubwa, anayefanya kazi Dar es Salaam, alikuwa amepiga simu mapema mwezi ule akasema anakuja kumchukua mtoto wake, mjukuu wangu ninayemlea hapa Masieda, ampeleke likizo. Kuna mahali huko, alisema, pana mabembea ya kila aina, treni ndogo ya watoto, na mabwawa yenye bomba kubwa ambalo mtoto anapanda juu anateleza mpaka majini. "Wiki moja tu, Mama. Wiki moja, kisha namrudisha mwenyewe." Nikasema haya, aende akaone dunia, na nilimaanisha. Nimefundisha darasa la kwanza na la pili zaidi ya miaka thelathini. Sijawahi kumzuia mtoto kwenda kuona kitu.

Alifika Alhamisi na begi kubwa la magurudumu. Ijumaa asubuhi tukalifungua juu ya kitanda changu, mimi upande huu, yeye upande ule, na mtoto katikati akirukaruka.

"Mama, sweta tatu za nini?"

"Za baridi."

"Dar kuna baridi gani? Ukimvalisha mtoto sweta Dar watu watakuitia polisi!"

Alicheka mpaka akakaa chini. Nami nilicheka, ingawa sikuzitoa zile sweta. Mtu wa huku juu ukimtajia safari, kitu cha kwanza kinachomjia ni baridi. Mwezi wa saba kwetu ukitoka nje alfajiri unaongea moshi. Mtoto huyu nilimlea kwa soksi, kofia ya kufuma na blanketi mbili, na kumfungia nguo za kwenda kwenye joto ni kazi ambayo mikono yangu haijui. Nikaweka na chupa ya asali ya kikohozi, dawa ya homa, unga wa uji, poti lake la kijani, na nepi sita za usiku maana bado hajaacha kabisa. Chandarua nacho. Huku mbu hatuna wa kutisha, huko wapo, na mtoto wa mlimani malaria ikimkuta mara ya kwanza haimwonei huruma. Hilo lilinikaa rohoni tangu siku ya ile simu.

Mtoto naye alikuwa anafunga mizigo yake. Aliingia jikoni akarudi na ndala yangu moja, ile ya mguu wa kulia, akaitumbukiza kwenye begi. "Ya Mama," akasema. Mama ni mimi. Mama yake mzazi, mwenye begi, mtoto alimwita dada, kama anavyomwita kila msichana anayekuja na pochi. Niliitoa ndala haraka, lakini binti yangu alikuwa ameshaiona. Alikunja gauni moja mara tatu, na kila mara alilikunja vibaya zaidi.

Ndipo akasema, bila kuniangalia, "Nitahitaji na kadi ya kliniki. Na cheti cha kuzaliwa."

"Cha nini?"

"Kule kwenye michezo, mtoto ambaye hajatimiza miaka mitatu anaingia bure. Lazima uonyeshe."

Jibu zuri. Mtoto alikuwa amebakiza mwezi mmoja na siku chache kutimiza mitatu. Lakini nimekaa mbele ya watoto miaka yote hiyo, na mtoto anayedanganya huwa ana jibu zuri kuliko wenzake. Nikasema ngoja nitafute.

Niseme mtoto alivyofika kwangu. Alizaliwa Dar. Baba yake alipotea kabla hajaota jino, na binti yangu alikuwa analala kwa rafiki, kazi ya leo ipo kesho haipo. Alimleta akiwa na miezi kumi, akakaa siku nne, siku ya tano akaondoka mtoto amelala. Mimi ndiye niliyekuwepo alipoamka. Alilia siku mbili, na siku ya tatu akaniita mama. Ningemwambia nini? Nikaitika.

Mchana binti yangu alikwenda mtoni kufua. Mimi nikawa natafuta pa kuweka lile poti, begi la mtoto limejaa, nikafungua begi dogo la mama yake nione kama kuna nafasi. Ndani nikakuta gauni dogo la drafti jekundu, jipya, nembo ya shule mfukoni. Sare ya chekechea. Nililiinua nikalipima kwa macho. Lilikuwa saizi yake, limeachiwa kidogo chini ili akue nalo.

Hakuna shule inayomvalisha mtoto sare kwa wiki moja.

Nikalikunja nikalirudisha. Nikachukua kadi ya kliniki na cheti kutoka kwenye Biblia yangu ninapovitunza, nikaenda stoo, nikavisukuma chini ya gunia la mahindi. Mwalimu mstaafu, mama wa kanisa, naficha karatasi kama mwizi! Aliporudi nikamwambia nimetafuta sikuona. Tukapekua nyumba nzima wote wawili, mimi nikipekua kwa bidii kuliko yeye. Hata chini ya godoro nilitazama.

Tangu hapo mpaka usiku niligombana na kila kitu. Niligombeza kuku, nikaunguza uji, nikamfokea mtoto kwa kumwaga majivu, mtoto ambaye sikuwa nimemfokea hata alipovunja redio. Jirani alipopita kusalimia nikamjibu kwa kifupi, akaniuliza kama naumwa. Naumwa, nikasema, na sikumwambia wapi.

Sasa, kwetu mtoto hasafirishwi mbali bila kubarikiwa na anayemlea. Asubuhi ya safari unachukua maziwa ya siku ile, unapiga funda, unampulizia mtoto kichwani na kifuani, ndipo unamsemea maneno ya heri. Sisi ni watu wa kanisani miaka mingi, lakini hili hatukuliacha, na katekista mwenyewe watoto wake amewapulizia, nimemwona. Sharti lake ni moja. Usipulize ukiwa na kinyongo. Mwenye jambo kifuani alitoe kwanza, alitaje kwa mdomo mbele ya mhusika, la sivyo maziwa yale yanamfuata mtoto kwa ubaya. Hakuna mzazi wa huku atakayekubali mwanawe aondoke bila maziwa, na hakuna bibi mwenye akili atakayeyapuliza na donge rohoni.

Jumamosi kulipokucha gari la kuwapeleka Mbulu mjini lilikuwa limeshapaki njiani, dereva anapiga honi. Binti yangu akamsimamisha mtoto mbele yangu, uso umepakwa mafuta unang'aa. Nikachukua kikombe. Nikapiga funda. Nikainama.

Nikashindwa.

Nilisimama na maziwa mdomoni sijui kwa muda gani. Mtoto akafumba macho akisubiri kulowa, akafumbua, akafumba tena. Kisha nikayameza.

"Mama," binti yangu akasema, na sauti yake ilikuwa ya woga kabisa. "Mama, umemeza."

"Nimemeza."

Akatoka nje akamwambia dereva asubiri. Akarudi, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Haya. Sema."

"Sema wewe kwanza. Sare ile ni ya nini?"

Alifunika uso. Akasema kila kitu hapohapo. Amepata kazi ya kudumu, amepanga vyumba viwili, kuna kijana wa Mogitu anayetaka kumwoa na anamkubali mtoto. Nafasi ya chekechea imeshapatikana. Mabembea yapo kweli, atampeleka kweli. Isipokuwa kurudi, hapo ndipo palipokuwa na uongo.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungeniachia?"

"Ungejuaje bila kuniambia?"

"Kadi ya kliniki iko wapi, Mama?"

Weee! Alinishika hapo. Nilitaka kukasirika nikakosa pa kushika.

"Chini ya gunia," nikasema.

Alicheka na huku analia. Mimi sikucheka. Hasira yangu ilikuwa bado mbichi, nikaitoa yote. Nikamwambia kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Nani alimkeshea alipoota meno? Nani alimbeba mgongoni kwenye mvua mpaka zahanati? "Kwa hiyo mimi nilikuwa ghala? Unaweka mzigo wako, ukipata nyumba unakuja kuchukua?"

"Uchungu wa mwana aujuaye mzazi," akanijibu. Binti yangu si mtu wa kunijibu, sijui aliutoa wapi ujasiri. "Ananiita dada, Mama. Nimembeba tumboni, halafu ananiita dada. Hukuwahi kumsahihisha. Hata siku moja."

Ni kweli, hata siku moja. Ningeweza. Kila binti yangu alipopiga simu ningeweza kusema, huyo ndiye mama. Nilijiambia mtoto ni mdogo, atachanganyikiwa. Uongo mtupu. Nilipenda kuitwa. Nyumba hii ilikuwa kimya tangu mume wangu afariki, akaja mtu mdogo akaijaza kwa neno moja, nami nikalishika nisilitoe.

Nilimwambia hivyo. Ilinichukua muda, na honi ilipigwa mara mbili katikati. Nilimwambia, nililiiba jina lako, na sijutii kama inavyonipasa kujuta.

Akafuta machozi. Baadaye akasema, "Nisamehe na mimi kwa ile wiki moja." Nikamwambia yamekwisha, kama tunavyosema.

Nikaenda stoo nikainua gunia. Karatasi zilikuwa na vumbi, nikazipangusa kwa kanga nikampa mkononi. Kisha nikafungua begi upya, dereva apige honi mpaka achoke. Begi la wiki moja si begi la kuhama. Nikatoa sweta mbili, nikabakiza moja, maana basi lina viyoyozi. Nikaongeza gauni la Jumapili, viatu vya mvua, mdoli wake wa kitambaa ambaye mtoto halali bila yeye, na ambaye nilikuwa nimemwacha makusudi ili mtoto awe na sababu ya kurudi. Nikamweleza mama yake mambo ambayo mtu wa wiki moja haelezwi. Hanywi uji wenye mabonge. Akinyamaza ghafla ujue ana homa. Anaogopa ng'ombe mweusi, mwekundu haogopi. Ukimvua nguo anza na mkono wa kushoto. Binti yangu alikuwa anaandika kwenye simu, machozi yanadondokea kioo.

Ndipo nikapuliza. Kichwani, kifuani. Nikasema, nenda salama, kua, miguu yako ipate pa kukanyaga, usiumwe. Mtoto akacheka kwa baridi ya maziwa. Nikamnyanyua nikamweka mapajani kwa mama yake ndani ya gari, nikafunga mlango mwenyewe. Alidhani nazunguka kuingia upande wa pili. Gari lilipoondoka nilimsikia.

Sasa niseme jambo ambalo sikumwambia mtu. Sina hakika kama nilitoa yote. Nilitaja sare, nikataja uongo wake na wangu, lakini chini kabisa kulikuwa na kitu kidogo kilichosema binti yangu ashindwe, mambo yamharibikie, amrudishe. Nilipuliza kikiwemo. Siku zilizofuata simu ikilia nilikuwa naikimbilia. Nilikuwa naona malaria, naona maji, naona bomba lile la kutelezea na mtoto anaingia juu hatokei chini. Nililala na simu kifuani. Niliomba Mungu kwanza, kisha nikachukua maziwa nikapuliza hewani kuelekea mashariki, upande wa Dar, mzee mzima, peke yangu uani, na sijui kama hiyo inahesabika.

Siku ya tano ikalia mchana, nikiwa napepeta maharage. Simu ya video. Kwanza niliona maji ya bluu na watoto wengi wanapiga kelele, ndipo nikamwona. Mzima. Amevaa nguo ya kuogelea ya njano, nywele zimelowa, ndiyo kwanza ametoka kuteleza, anacheka kwa meno yote.

Nilishukuru. Kisha, Mungu anisamehe, nikataka alie. Nilitaka anione anyooshe mikono, agome, awaaibishe mbele ya watu wote wale wa mabembea. Alinitazama kwa furaha, kama anavyomtazama jirani. Akataka kurudi majini.

"Msalimie kwanza," binti yangu akasema. Akainama akamnong'oneza sikioni.

Mtoto akaweka mkono juu ya kichwa chake, kama watoto wetu wanavyofanya mbele ya mkubwa.

"Shikamoo, bibi."

Shikamoo nilimfundisha mimi. Neno bibi amelijua huko. Binti yangu alikuwa ananiangalia kutoka pembeni ya kioo. Mtoto naye alikuwa anasubiri, mkono bado uko kichwani, maana anajua hautolewi mpaka mkubwa aitikie.

"Marahaba," nikasema. "Marahaba, mjukuu wangu."

Akautoa mkono, akakimbilia majini.