Tulikuwa Tumeshaagwa, Nikaandika "Hapana"

Nilielewa lile swali. Naomba nianzie hapo, maana kwetu watu wote waliamini sikulielewa, na mimi niliwaacha waamini hivyo tangu tulipomzika dada yangu hadi mwezi uliopita.

Nitamwita Da Suma. Sisi ni wa Mbeya. Yeye aliolewa Iringa, mimi nashona nguo Mbalizi. Yeye aliishia darasa la saba, mimi nilifika kidato cha nne, na aliyekaanga maandazi kila alfajiri ili nifike huko ni yeye. Kwa hiyo Kiingereza nilichomdanganyia ni yeye aliyekilipia. Jamani!

Da Suma alikuwa mnene, na unene ulikuwa unamuua polepole. Magoti yalikataa. Alilala amekaa, mito mitatu mgongoni. Kile kilima cha kanisani alikipanda kwa kusimama mara tano, anajifanya anaangalia mashamba ya watu.

Wifi yake alimwita lori la mbao, kama yale yanayotoka Nyololo. "Lori la Nyololo limeingia, sogezeni viti!" Watu wanacheka, na yeye anacheka nao. Mimi pia nilicheka. Nilicheka, na leo ninamkasirikia wifi kana kwamba sikuwepo!

Daktari mmoja ndiye aliyemwambia kuna upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula. Shemeji, mume wake, akauza miti yake ya mbao. Akatafutwa wakala, mwanamke wa Dar anayepeleka wagonjwa India. Akahitajika pia msindikizaji anayejua Kiingereza. Nikawa mimi.

Hapa nitasema ukweli wenye aibu. Nilifurahia ile safari kuliko mgonjwa mwenyewe. Kwetu hakuna aliyewahi kupanda ndege. Kila mteja aliyeniletea kitenge nilimwonyesha pasipoti yangu, hata yule aliyekuja kupunguza tu pindo la sketi.

Wiki mbili za mwisho kabla ya safari, nami nikiwa nimeshahamia kwake Iringa, Da Suma alikatazwa ugali, wali, viazi, chapati. Supu, mayai na mboga tu. Walisema ini lake linatakiwa lisinyae ili daktari apate nafasi ya kufanya kazi. Alitii! Aliwasongea watoto ugali, akawapakulia, kisha akaketi na kikombe chake cha supu akiwatazama wakimega. Hakuonja hata ukoko. Nasema hivi ili mtu asije akaniambia alikuwa mlafi asiyejiweza. Alifanya yote aliyoambiwa. Asiyefanya yake ni mimi.

Kwa watu tulisema anakwenda kutibiwa mgongo. Nani angesimama kanisani aseme anavuka bahari kukatwa tumbo ili apungue? Jumapili jumuiya yake ya kanisa ikaja nyumbani kutuaga, kama inavyomuaga kila anayekwenda mbali. Tukachinja kuku, watu wakasali, wakala.

"Mama, unatuaga na kikombe?" mwenyekiti wa jumuiya akamtania. "Kula, huko unakokwenda hawajui kusonga."

"Mgongo, baba, unanisumbua."

"Kwani mgongo ndio unaotafuna?"

Nyumba nzima ikacheka. Kisha kina mama wakamzunguka, wakamwekea mikono mgongoni, wakamwombea kwa machozi. Mgongo mzima, usio na tatizo lolote! Wakatuzawadia kitenge kila mmoja. Mwenyekiti akasema, "Nendeni, mrudi mtusimulie." Kwetu ukishaagwa namna hiyo, umekwenda. Mtu aliyeagwa akionekana sokoni wiki inayofuata, anasemwa mpaka anatamani kuhama.

Jumanne yake wakala akatutumia fomu ya afya ya hospitali, na safari ni Alhamisi. Nikaenda kuichapisha stesheneri, nikarudi nayo jikoni. Da Suma alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Nikawa nasoma swali, namtafsiria, anajibu, naweka alama.

"Sukari?"

"Hapana."

"Presha?"

"Ndiyo, andika na dawa ninazokunywa."

Nikafika kwenye swali la damu kuganda. Umewahi kupata damu iliyoganda mguuni au mapafuni? Lilikuwa limeandikwa wazi kabisa. Na jibu nililijua kuliko mtu yeyote. Alipojifungua mtoto wa mwisho mguu wake wa kushoto ulivimba kama gogo, akalazwa, wakasema damu imeganda kwenye mshipa. Aliyempelekea uji wodini ni mimi. Vidonge vya kuzuia damu isigande alivimeza miezi sita, na mimi ndiye niliyekuwa namkumbusha.

Asubuhi ile wakala alikuwa amenipigia. "Dada, ukiweka ndiyo kwenye mambo ya damu au moyo, watataka vipimo vipya na tarehe itasogea sana. Jaza vizuri." Nina hasira naye, sifichi. Lakini kalamu hakuishika yeye.

Nikaliruka lile swali kwa mdomo. Kwa mkono nikaandika "hapana".

Da Suma akainua uso kutoka kwenye ungo. "Hawajauliza ule mguu?"

"Hawajauliza," nikasema.

"Basi. Wanajua wenyewe wanachotafuta." Akarudi kwenye maharage yake.

Aliniuliza! Mnaelewa? Hakusahau. Aliniuliza kwa mdomo wake, na mimi nilimjibu nikimwangalia machoni. Nilikuwa nawaza wale kina mama na vitenge vyao. Nilikuwa nawaza ndege.

Kule India daktari aliuliza tena, ana kwa ana, na mimi ndiye mkalimani. Nikaona nikibadilisha nitaonekana mwongo. Nikajibu "hapana" bila hata kumtafsiria dada. Mara ya pili! Yeye alikaa pale pembeni na gauni la hospitali, akinitazama kwa fahari jinsi mdogo wake anavyozungumza na madaktari.

Upasuaji ulikwenda salama. Siku ya nne alitembea kutoka kitandani hadi dirishani, akaniambia, "Nikirudi, kile kilima nitakipanda bila kusimama." Mchana huo akashika kifua, akasema hewa haiji. Damu iliganda mguuni ikapanda mapafuni. Walikimbia naye. Hawakumuwahi.

Daktari aliniambia taratibu kwamba wagonjwa wote huwakinga na hilo, ila mwenye historia hiyo humpangia kinga nyingine na muda mwingine. Akaniuliza kama nina hakika hakuwahi kuugua mguu. Nikalia. Akadhani ninalia msiba tu.

Iringa kwenye mazishi walisema mgongo umemuua. Shemeji alipoiona ile fomu kwenye begi, akampa mwalimu mmoja aisome, akagundua nilichojibu kuhusu mguu. Akanijia, akanishika bega. "Shemeji, usijilaumu. Kiingereza cha hospitali kigumu, hata wasomi wanakosea."

Nikamwacha aamini hivyo. Watu wakaja mmoja mmoja kunifariji kwa kutojua Kiingereza! Nikasifiwa kwamba nimelia kimya kimya, sikupiga kelele za msiba. Kelele ningezipiga kwa sauti ipi?

Mwezi uliopita nilipanda basi kwenda Iringa, nikamkuta shemeji anamsuka binti yake mdogo, vibaya, njia zimepinda. Nikasubiri mtoto atoke. Nikamwambia, "Nililielewa lile swali. Na Suma aliniuliza, nikamdanganya."

Akaweka kitana chini.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Kisa?"

"Tulikuwa tumeshaagwa."

Alinitazama kama mtu asiyenifahamu. Kisha akasema, "Jumapili kawaambie jumuiya. Waambie na uongo wa mgongo, maana mke wangu sitaki abaki kaburini na uongo wote huo." Akaingia ndani. Hajazungumza nami tena hadi leo, na simlaumu.

Nilisimama mbele ya jumuiya nikasema yote. Hakuna aliyepiga kelele. Yule mama aliyeanza kumwekea mikono ndiye aliyeuliza, "Sasa mwanangu, sisi tungewafanya nini mngebaki? Tungewacheka tu, tukamaliza." Wenzake wakaitikia kwa vichwa.

Kucheka tu! Hicho ndicho nilichokiogopa nikamuua dada yangu.

Wewe unayejiandaa kwenda kupasuliwa, au unayemjazia ndugu yako fomu, sikia. Kila ugonjwa alioumwa, uandike, hata kama ulipona zamani. Tarehe ikisogea, isogee. Kama mmeagwa, rudisheni mabegi ndani, kesho yake mwende sokoni mchana kweupe na watu wawaone. Watawacheka wiki nzima. Wataongeza na utani wa kikombe.

Mimi ningetoa kila kitu nilicho nacho nichekwe wiki hiyo, nikiwa na Da Suma pembeni yangu, amebeba kikapu, amesimama kupumzika kwenye kilima.