Mate ya Shangazi Mize

Mlioniuliza likizo ile nilikwenda Pemba kufuata nini, jibu langu ni hili: nilifuata mate. Mate ya mtu mmoja tu, shangazi yangu Mize, dada wa marehemu baba, anayeishi Mgogoni peke yake na paka wake. Msinione nimerukwa na akili. Nasomesha baiolojia sekondari hapa Dar es Salaam, na rafiki yangu niliyesoma naye anafanya kazi kwenye maabara ya vinasaba. Siku aliponiambia anaweza kunipimia nasaba ya upande wa mama kwa mate yasiyojaza hata kijiko cha chai, usingizi uliniruka.

Chanzo chenyewe kilikuwa ubishi. Kaka yangu Salim, kila tukizunguka sinia la pilau, lazima atuambie kuwa bibi yetu mzaa baba, Bi Mwanaisha, alikuwa Mwarabu, na kwamba mama yake alizaliwa Omani. Ushahidi wake ni pua. Pua ya Bibi, ambayo Salim anaamini kairithi yeye peke yake kati yetu sote. Mimi nikimwambia Bibi alikuwa Mpemba wa shina, ananiambia nirudi kwa vyura wangu wa maabara. Miaka nenda miaka rudi ni hivyo hivyo.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye utamu. Ndani ya seli zetu mna uzi mfupi wa urithi ambao mtoto huupata kwa mamake tu. Baba hana mkono hapo. Mwanamume anao, aliopewa na mamake, lakini hawapi wanawe, unaishia kwake. Kwa hiyo uzi wa Bibi haupo kwangu wala kwa Salim, maana sisi tumetokana naye kwa kupitia baba. Baba keshatangulia mbele ya haki. Bibi hakuwa na dada. Kati ya wote tunaowajua, aliyebaki na uzi ule alikuwa binti yake mmoja, Shangazi Mize, ambaye hakujaaliwa mtoto, na ambaye moyo wake ulikuwa umeanza kumsumbua. Akiondoka, ameondoka nao. Ndiyo maana shule ilipofungwa sikungoja hata kufua nguo.

Asubuhi ya Jumamosi nilivuka kwenda Unguja, nikalala kwa jamaa, na kesho yake nikapanda meli ya Pemba. Mkobani nilikuwa na vichupa viwili vya plastiki, kimoja cha shangazi na kingine cha akiba, nilivyovikumbatia mpaka mama mmoja akaniuliza kama nimebeba dhahabu. Tulipokaribia Mkoani, kisiwa cha Makoongwe kilipita ubavuni, na paa za nyumba zake zilionekana vizuri. Nikakitazama kidogo, nikarudi kwenye chai yangu.

Bandarini Mkoani nilipata teksi ya kijana mmoja aitwaye Hamadi. Barabara ya kwenda kaskazini inapanda na kushuka mpaka tumbo linajua, na kwenye vijiji bendera za vyama zilikuwa bado juu ya milingoti, zimechanika, kila moja ikiitazama mwenzake ng'ambo ya njia. Hamadi alikuwa na maneno. Aliponiuliza nafuata nini, nikamweleza.

"Mate?" Alipunguza mwendo. "Dada, samahani. Wakati wa kuandikisha kura washachukua vidole vyetu. Sasa wataka na mate?"

"Hayana kura haya. Ni ya kujua watu tumetoka wapi."

"Miye natoka Chake," akasema, na akaendelea kucheka mpaka tunaingia Wete.

Adhuhuri nilikuwa Mgogoni. Shangazi Mize ni mwalimu wa chuo. Watoto wa jirani huja barazani kwake kusoma Kurani, na nilimkuta kati yao, mfupi, mnene, mkononi ana kifimbo asichompigia mtu. Nikampa shikamoo. Akaitikia marahaba, akanikagua juu mpaka chini.

"Mwanangu Zuhura, Dar es Salaam hakuna chakula?"

Nilikula wali, pweza wa nazi na mchicha, na kila nikinyanyua mkono aliurudisha sahanini. Nilipoona ameshiba naye, nikatoa kichupa na kumweleza habari yote, kwa pupa, mpaka maneno yakagongana. Alinisikiliza vizuri. Nikamwambia sharti moja tu: kabla ya kutema, asile, asinywe wala asitafune kitu kwa nusu saa.

"Nusu saa ni kitu gani," akasema. "Tutafanya."

Alasiri nikamfuata. Alikuwa anatafuna tambuu. Nikangoja. Ilipokwisha nikatazama saa, na kabla nusu saa haijatimia nikamsikia anavunja popoo jipya. Baada ya magharibi, karafuu mdomoni, eti jino. Siku ya pili asubuhi, tambuu. Adhuhuri, kipande cha muhogo. Nikaanza kumfuata na kichupa kama mama anayemnyemelea mtoto na dawa ya minyoo, naye kila akiniona anatia kitu kinywani. Nikadhani amesahau. Siku ya tatu nikagundua kuwa mtu aliyehifadhi juzuu nzima nzima hasahau sharti la nusu saa.

Nilihamaki, nasema kweli. Jioni ile niliamua labda haelewi, basi nikamsomesha kama ninavyosomesha kidato cha tatu. Nikamwonyesha ubao wake mwenyewe. Nikasema: chukulia umeandika aya hapo, mtoto wa mbele anainakili kwenye daftari, wa nyuma yake ananakili kwake, na wa nyuma zaidi kwa huyo. Mmoja akiacha nukta, wote waliomtazamia wanaiacha. Na uzi wa mama ndivyo ulivyo. Mama anapompa mtoto, mara moja moja, baada ya vizazi vingi, nukta inabadilika. Watu wenye makosa yaleyale wana mama mmoja huko nyuma.

Macho yalimng'aa. "Ndivyo mie ninavyomjua nani kamtazamia nani," akasema. "Wanajidai wameandika wenyewe. Kosa lao lawasema."

"Ndiyo hivyo hivyo, shangazi."

"Kwa hivyo mate yangu yatasema nimemtazamia nani."

"Yatasema."

Kisha akavuta sahani ya tambuu.

Kesho yake, watoto walipotawanyika, alifunga mlango wa mbele, jambo nisilowahi kumwona akilifanya mchana. Akakaa kitako juu ya mkeka, nami nikakaa.

"Zuhura, hayo mate uyatakayo mie sina."

Nilifikiri ni dhihaka nyingine. Haikuwa. Alinieleza pole pole, akitazama mikono yake. Zamani Bibi alikuwa akikaa Mkoani. Alikuwa na mtoto mchanga, baba yangu, anamnyonyesha. Jirani yake alikuwa mwanamke wa Makoongwe aliyeolewa pale, naye alijifungua mtoto wa kike akafariki kabla ya arubaini. Mume akasafiri kwenda bara, asirudi. Bibi akamchukua yule mtoto.

"Babako titi la kulia, mie la kushoto," akasema. "Wazee wakahamia huku, watu wa huku wakatukuta wawili. Hakuna aliyeuliza. Mama hakuniambia mpaka nilipoposwa, maana ndoa yataka mtu ajulikane binti wa nani. Babako alijua. Nyumba hii kanipa kwa hiba akiwa hai, maana wa kunyonya harithi, nyie mkashangaa kwa nini haikuingia kwenye mirathi."

Kweli tulishangaa. Salim alishangaa kwa sauti.

Nikamwambia kuwa mtoto wa kunyonya ni mtoto, na ndugu wa kunyonya ni ndugu, mambo ambayo yeye anayajua kuliko mimi. Akanikatiza.

"Sheria naijua, mie mwalimu wa chuo. Salim akiingia hapa nampokea kichwa wazi, na ni halali. Sheria naijua. Moyo wa Salim ndio siujui. Mtoto yule kwake ni damu, damu, pua, damu. Akisikia, ataniita nani?"

Mnajua nilichofikiria? Aibu kusema, lakini kwanza nilifikiria uzi wa Bibi. Kama Bibi alizaa mtoto mmoja tu, naye mwanamume, basi uzi wake ulikwisha siku tulipomzika baba, na mimi nilikuwa nimechelewa kabla sijafunga mkoba. Miaka nimewaandikia wanafunzi ubaoni: nasaba ya kike hukatika mwanamke asipopata binti. Nimeiandika bila kumfikiria mtu. Siku ile machozi yalinitoka kwa ajili ya sentensi ile.

Shangazi alinipa ncha ya kanga yake nijifute. Halafu akauliza, kwa sauti ya chini kabisa:

"Huo uzi wangu na wa mama, haukutani popote?"

Nikainua kichwa. Jamani, hata sasa nikiandika mwili unanisisimka. Maana jibu ninalo, nalisomesha kila mwaka, na sijawahi kuulizwa na mtu mwenye haja nalo.

"Unakutana," nikasema.

"Wapi?"

"Mbali. Ukimfuata mama, na mama wa mama, na wa kwake, nyuma zaidi ya miaka laki moja, nyuzi za watu wote waliopimwa duniani zinafika kwa mwanamke mmoja, hapa hapa Afrika. Wa Salim, wa Hamadi dereva, wa Mzungu, wa Mchina. Wa Bibi. Na wako."

"Bi Hawa?"

"Wataalamu nao wamemwita kwa jina hilo. Wao wanasema hakuwa mwanamke peke yake wakati wake. Wenzake walikuwepo, walizaa na wao, ila nyuzi zao zilikatika njiani, kama wa Bibi. Wake ndio uliobaki."

Midomo ilimcheza kama anapiga hesabu ya vizazi. "Kwa hivyo mie na mama, mama yetu mmoja."

"Mmoja."

"Mbali, lakini mmoja."

"Ndiyo, shangazi."

Akageuza uso ukutani kidogo. Aliporudi alikuwa ndiye yeye wa siku zote. "Kilete hicho kichupa."

"Una tambuu mdomoni."

Akatema, akasukutua, na tukaanza kungoja nusu saa yetu, mie na yeye na paka. Alinihadithia kuwa Bibi alikuwa na tabia ya kuwapima yeye na baba kwa kuwasimamisha mlangoni, na kwamba yeye alikuwa akinyanyua visigino. Alitema mate yake kwa adabu kubwa, ameziba uso kwa kanga, na alipomaliza akataka kuhakikisha kuwa kwenye kichupa nimeandika jina lake. Mama aliyemzaa, shangazi hakuwahi kumjua. Hata jina la mama huyo, Bibi alimtajia mara moja tu. Sasa alitaka kujua alitoka wapi.

Siku ya kuondoka aliniambia nimweleze Salim. "Mie siwezi. Lakini anza kumwambia tulipokutana. Tulipoachana mwambie baadaye."

Mkoani, meli ilipotoka, nilisimama upande wa Makoongwe mpaka paa la mwisho likafichika. Palepale, huenda wapo wanawake wenye uzi wa shangazi yangu, wanakaanga samaki wao, wasimjue wala yeye asiwajue. Nilitamani kushuka nikawagongee milango.

Jumapili, Dar es Salaam, nilimpigia Salim. Nikafanya kama nilivyoagizwa: nikaanza na yule mama wa miaka laki, nikashuka naye mpaka Mkoani, mpaka titi la kulia na la kushoto. Hakunikatiza hata mara moja, na Salim hukatiza mpaka adhana. Nilipomaliza akasema, "Sawa," akakata simu. Wiki nzima hakupokea simu zangu. Nilijiona nimekwenda mbali kote kule kumvunjia shangazi nyumba yake.

Mwezi wa pili tangu nirudi, rafiki yangu wa maabara alinitumia majibu. Uzi wa Shangazi Mize uko kwenye moja ya matawi ya kale kabisa ya binadamu, tawi lililochipuka katika bara hili kabla watu hawajatoka kwenda kuzijaza Asia na Ulaya. Ya Bibi hatutayajua kamwe, na Salim anaweza kukaa na pua yake. Nimejifunza kuwa maabara inasoma mate vizuri mno, na kwamba kuna mama ambaye haiwezi kumsoma hata kidogo, naye ni mama vilevile. Hilo nimeliongeza kwenye somo la kidato cha tatu, ingawa halimo kwenye muhtasari.

Nikampigia shangazi nikiwa nimesimama, kwa furaha. Nikamweleza tawi, ukale wake, bara zima. Alinisikiliza akiitikia "enhe, enhe," kisha akanikatiza.

"Mashaallah, mwanangu, hayo mazuri, utanieleza tena. Jana Salim kapiga simu."

Nikakaa. "Kasema nini?"

"Hana la maana. Kauliza dawa ya moyo, kauliza paa linavuja. Lakini kila neno shangazi. Hujambo shangazi, sawa shangazi, nakuja Idi shangazi, hata pasipo haja. Mwisho nikamwambia, Salim mwanangu, nimesikia."